Rimu za 17 kwenye Premio: usinunue tairi kabla hujauona huu mstari wa chaki

Habari zenu familia, karibuni tena. Leo nimekuja na hasira, nasema mapema kabisa, na hasira yenyewe ni ya tairi. Dogo, shusha kamera hapa chini. Zaidi. Hapo hapo. Mnaiona hii plastiki ya ndani ya madigadi ilivyong'aa, kama mtu kaipiga msasa? Hizo ni siku nne tu. Siku nne za kutoka Tegeta kwenda mjini na kurudi, na kila nikizungusha usukani mpaka mwisho nasikia linakwaruza. Nyuma nako, wakipanda watu watatu na begi moja kwenye buti, tuta la kwanza tu linagonga.

Na rimu ni nzuri! Nazipenda hizi rimu, sitazificha. Za mtumba, inchi 17, hazijachomelewa popote, nimezizungusha kwenye mashine ya balansi hazichezi. Laki saba zote nne, baada ya kubishana saa nzima juani. Mambo ya matundu ya nati sirudii: Premio hii ni matundu matano kwenye duara la milimita 100, tundu la kati 54.1, niliyaeleza yote kwenye video ya mwezi uliopita. Kama tundu la kati la rimu yako ni kubwa kuliko hilo, weka pete ya kuziba hiyo nafasi, usiziachie nati peke yake kazi ya kuiweka rimu katikati.

Tatizo limeanzia kwenye duka la tairi. Nimefika na rimu zangu, kijana kaziangalia, kaangalia gari, kaniambia, "Bosi, 17 hiyo, nina 215/55 mpya kabisa, zinaingia." Nikamuuliza mara mbili. Zinaingia. Na kweli ziliingia kwenye rimu! Rimu ya 17 inapokea tairi la 17, hilo halina ubishi. Lakini hakuna aliyefungua mlango wa dereva kusoma kile kibandiko. Twendeni mlangoni.

Kibandiko hiki kimeandikwa Kijapani, msiogope, namba ni zile zile. 195/65R15: upana milimita 195, rimu ya inchi 15. Hapa pembeni 220, hiyo ni upepo kwa kPa, ndiyo 32 ya mashine zetu za upepo. Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi zinapotelea: hiyo 65 si milimita. Ni asilimia ya upana. Ukuta wa tairi hili ni asilimia 65 ya milimita 195, karibu 127. Ukichukua 55 ya 215 unapata 118. Mtu anaona 65 imeshuka kuwa 55 anasema tairi limekuwa fupi sana. Limepungua milimita 9 tu ukutani, wakati rimu imepanda inchi mbili nzima, milimita 50.8. Hesabu ya jumla imekwenda juu.

Najua wengine hesabu haziwakai kichwani. Ndiyo maana nimenunua chaki.

Dogo, rudi nyuma kidogo tuone sakafu yote. Hapa nina tairi la zamani, lile la 15, lina upepo wake kamili. Nachora mstari mweupe kwenye ukuta wa tairi, kuanzia kwenye rimu mpaka chini linapokanyaga. Nachora mwingine kwenye sakafu, imekutana. Sasa nalisukuma polepole, nalishika lisiyumbe, likiyumba kipimo kinaharibika. Linakwenda... linakwenda... mstari unapanda, umefika juu, unashuka, subiri, subiri, umegusa. Simama. Nachora sakafuni. Tepu hapa. Mita 1 na sentimita 99 na kidogo.

Hiyo ndiyo hatua ya gari hili. Kila tairi likizunguka mara moja, Premio inasogea karibu mita mbili, na waliolitengeneza walipanga gia, spidomita na nafasi ya madigadi kwa hatua hiyo.

Sasa lete hilo jipya, 215/55R17. Tunaanzia mstari ule ule. Nasukuma. Angalieni hapa kwenye alama ya kwanza... limeipita. Bado. Bado. Sasa limegusa. Mita 2 na sentimita 10. Wekeni macho kwenye hii nafasi kati ya alama mbili. Naweka kiganja changu na vidole vyote vitano, na bado sakafu inaonekana pembeni. Sentimita kumi na zaidi, kila mzunguko! Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 5 na ushee. Kipenyo kimetoka milimita 634 hadi 668, kwa hiyo nusu yake, karibu milimita 17, imesogea juu kuelekea madigadi. Ongeza na upana uliozidi milimita 20. Plastiki ingepona vipi?

Nilipima na mwendo pia, kwa GPS ya simu, asubuhi barabara ikiwa nyeupe. Kwa matairi ya zamani dashibodi ikisema 80, simu inasema 76. Spidomita nyingi zinatoka kiwandani hivyo, zinaongeza kidogo. Kwa haya mapya, dashibodi 80, simu 80. Kuna mdau aliniandikia, "Si ndiyo vizuri, imekuwa sahihi?" Hapana ndugu yangu. Ile akiba iliyokuwa inakulinda ukikutana na tochi kijijini kwenye kibao cha 50 imeondoka, na wewe hujui kama imeondoka. Na kilomita nazo: dashibodi ikihesabu 100 umetembea 105. Unajaza mafuta, unapiga hesabu, unaona gari limeanza kula, unakwenda kubadilisha plagi ambazo hazina kosa. Injini nayo inasukuma gurudumu kubwa na zito zaidi, kwenye mlima unaisikia.

Kuna mabaya kuliko hili langu. Mtu anafikiria 195/65R17, anaacha namba mbili za mwanzo zile zile, anabadilisha ya mwisho tu. Hapo umepanda kwa asilimia 8. Usifanye.

Kabla sijaenda kwenye tairi sahihi, tangazo la chaneli: kuanzia wiki ijayo video zitakuwa Jumanne na Ijumaa, Jumapili naifuta, Jumapili nakaa na wanangu. Kama hujabonyeza kengele bonyeza sasa. Na wale mnaoniuliza mbona sibishani na chaneli nyingine zinazosema "tairi likikaa limekaa", jibu langu ni chaki. Chukua chaki, pima, halafu tuongee.

Haya. Kwa rimu ya 17 kwenye gari linalotumia 195/65R15, madukani utaletewa saizi tatu. Ya kwanza 215/45R17, inapatikana kila mahali na ndiyo rahisi. Nimeazima moja, tunasukuma... imegusa kabla ya alama. Mita 1 na sentimita 96. Imepungua asilimia moja na nusu, si mbaya, haitakwaruza. Lakini nisogezee kamera kwenye maandishi haya madogo, baada ya saizi. Inasema 87. Watu hawaisomi hii kabisa! Hiyo ni namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. Tairi la asili la Premio lina 91, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. 87 ni kilo 545. Umelipa hela kubwa kupoteza kilo 70 kila kona ya gari, na gari lako ndilo linalokwenda na familia kijijini Desemba, mkirudi na magunia. Kama unaitaka hii saizi tafuta yenye maandishi XL, yaani iliyoimarishwa, hiyo inafika 91, na uiongezee upepo kidogo kuliko ulivyozoea.

Ya pili 225/45R17. Chaki! Angalieni hii, naomba muiangalie vizuri... imegusa juu ya alama ya tairi la zamani. Juu yake kabisa! Mita 1 na sentimita 99. Niliposukuma mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Uzito 91, sawa na la asili. Kwa karatasi ni jibu kamili. Shida ni upana: milimita 30 zaidi ya la asili, na hapo rimu yenyewe inaingia kwenye hesabu. Rimu ya zamani ina upana wa inchi 6, hizi zina 7. Inchi moja iliyozidi inagawanyika, milimita 12.7 zinaenda ndani kwenye shokapu, 12.7 zinatoka nje. Halafu angalia ile namba ya ET mgongoni mwa rimu, ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari. Ikishuka kutoka 45 hadi 35, gurudumu zima linatoka nje milimita 10 nyingine. Mimi hizi zangu ni 38, kwa hiyo 225 nimeiacha. Wewe mwenye rimu ya ET 45 inaweza kukufaa, lakini pima kwa kidole hapa kati ya tairi na shokapu. Kidole kimoja kipite bila kubanwa.

Ya tatu, na ndiyo nimeifunga: 205/50R17, namba ya uzito 93, XL. Chaki inasema mita 2 kamili, imezidi alama kwa ncha ya kidole. Upana umeongezeka milimita 10 tu. Nimezungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, nimepakia watu wanne, kimya. Nimefurahi sana jamani, hii kimya nimeilipia mara mbili.

Bei nayo niseme. Zile za makosa nilinunua laki na themanini moja. Hizi laki na tisini. Tofauti ni elfu kumi kwa tairi, elfu arobaini kwa gari zima, na kwa elfu arobaini hiyo ningekuwa nimeokoa zaidi ya laki saba. Kabla hujatoa pesa soma pia namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki tairi lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Nililetewa moja ya 2319, wiki ya 23 ya mwaka 2019, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Nikairudisha hapo hapo kaunta.

Spea sijaibadilisha, bado ni ya 15, na ndiyo uzuri wa kulinda ile hatua ya mita mbili: nikipata pancha nafunga ya 15, gari haliendi upande mmoja juu upande mmoja chini, na ABS ya breki inasoma magurudumu yanayozunguka sawa. Wenye Premio ya kuvuta magurudumu manne, kwenu hili ni la lazima, yote manne yalingane.

Sasa niwaambie kitu ambacho asubuhi wakati naanza kurekodi sikuwa nimepanga kukisema. Jana mvua imenyesha, nimepita barabara ya mtaani ile yenye madimbwi, unajua dimbwi la Dar haliongei, huwezi kujua kina chake. Nimeingia moja taratibu na bado nimeisikia rimu. Ukuta wa tairi umetoka milimita 127 hadi karibu 103, huo mto wa milimita 24 uliokuwa unameza shimo haupo tena. Nikakaa nikafikiria 16. 205/55R16: ukuta 113, uzito 91, kipenyo milimita 632 dhidi ya 634 ya asili. Kwa barabara zetu, kwa mtu anayeishi mtaa usio na lami, sasa hivi nikiulizwa ninunue 16 au 17, nasema 16. Rimu ya 17 ni nzuri kuitazama na kwenye lami ya Bagamoyo gari linakamata kona vizuri mno, hilo sitalikana. Lakini gari la mama yangu nitaliwekea 16.

Zangu zinabaki. Ijumaa naenda Morogoro na watu wanne na mizigo, nikirudi nafungua madigadi mbele yenu tuone kama kuna mkwaruzo mpya, na rimu naipandisha kwenye mashine ya balansi tuone kama imepinda.

Na yale manne ya 215/55R17 yapo hapa ukutani, duka limekataa kuyarudisha. Si matairi mabaya, ni ya gari jingine. Kuna Camry zilizotoka nayo kiwandani saizi hiyo. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko, kama kinasema 215/55R17 niandikie hapo chini. Yametembea siku nne, na alama ya chaki nitakufutia.