Miche ya zabibu kwa uwanja wa nyumbani Tanga: ipi ununue, ipi uipite

Kinachosumbua zabibu Tanga si joto, ni unyevu. Dodoma kuna jua kali na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ila mvua yake ni karibu nusu ya hii ya Pwani. Kwa hiyo mche utakaonunua usije na ugonjwa kutoka kitaluni. Ugonjwa wa hapa unatosha.

1. Mche wa kiriba. Ndio chaguo letu, hata kama bei iko juu. Anza kuulizia TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo kule Dodoma, au kitalu chochote kinachoweza kukutajia jina la aina bila kubabaika. Kabla ya kulipa, omba kiriba kimoja kichanwe. Mizizi mizima ni myeupe au kahawia hafifu. Ukiona vinundu mfano wa punje za ulezi, hao ni minyoo fundo: acha shehena yote, maana kwenye udongo wetu wa kichanga wanasambaa haraka na hawatoki tena. Mizizi iliyojizungusha chini ya kiriba inaonyesha mche umechelewa kuuzwa. Mche wenye majani mengi mabichi usikuzuge. Mbolea ya chumvichumvi ya wiki mbili inaweza kufanya hivyo.

2. Pingili, yaani vipande vya matawi vya kupanda. Rahisi mno, na zinafaa ukitaka mizabibu kumi na kuendelea. Chagua zenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 30, macho matatu au manne, gome la kahawia na kijani ukikwaruza. Chini zikatwe bapa, chini kidogo ya jicho, juu zikatwe mshazari, usije ukazipanda kichwa chini. Agiza theluthi zaidi ya unazohitaji. Zifungwe kwenye gunia bichi, kisha nailoni, na kwenye basi zikae mbali na injini. Ukichelewa kuzifuata stendi ya Kange, umeshazipika. Zichomeke kwenye viriba kivulini, macho mawili yakiwa ndani ya udongo, kwa miezi miwili. Wengi hupotezea hapa: majani hutangulia mizizi, mtu anadhani zimeshika, anazitoa juani, zinanyauka zote.

3. Mche wa mizizi mitupu. Nauli yake ndogo, lakini mizizi hukauka kwa saa chache. Uchukue tu kama shimo limeshachimbwa.

4. Mbegu za zabibu za dukani. Hapana. Mche wa mbegu haufanani na mama yake.

Kwa upande wa aina, ukibahatika kupata Isabella, ichukue. Inavumilia ukungu kuliko zabibu nyingi za mezani. Inayofuata ni Makutupora nyekundu. Ruby Seedless ni tamu na haina mbegu, ila ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, unaipenda. Chenin Blanc waachie Dodoma: ngozi nyembamba, vishada vimebanana, masika moja inaviozesha.

Agiza miche ifike Oktoba, ishike na vuli. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na debe moja la samadi iliyoiva kabisa. Mche na mche mita 2. Maeneo yenye mawe ya matumbawe kama Raskazone, majani yanaweza kugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani: chokaa inazuia mche kupata madini ya chuma. Ongeza mboji, si samadi mbichi. Kichanja kiwe na urefu wa mita 2 ili upepo upite chini, na waya uwe wa kuzuia kutu, kwani chumvi ya bahari haichezi.

Pogoa kwa ajili ya matunda mwanzoni mwa Juni. Zabibu huiva takriban siku 110 hadi 120 baada ya kupogolewa, hivyo utavuna kabla vuli haijakolea. Ukipogoa Januari, maua na matunda machanga yanakutana na masika.

Weka akiba ya salfa, ileile ya mikorosho, kwa ajili ya ubwiriunga, na dawa ya kopa kwa ubwirivinyoya, ule unaoota chini ya jani. Salfa ipulizwe alfajiri; joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani.