Mtama wa Macia: misimu mitatu shambani kwangu Nachingwea

Msimu wa kwanza nusura niiache mbegu hii ya Macia, na kosa lilikuwa langu. Nilipanda na mvua za kwanza za Desemba, kama tunavyofanya na mtama wetu mrefu wa kienyeji. Ule hata ukiuwahisha hutoa masuke mvua zikielekea kuisha. Macia haisubiri. Siku 110 hivi imekomaa. Aprili masuke yakawa tayari na mvua bado inanyesha. Ukipukuchua suke kiganjani, punje zina ukungu, nyingine nyeusi, nyingine za waridi. Tulitupa karibu nusu.

Msimu wa pili nikapanda wiki ya mwisho ya Januari. Jua la Februari lilipokaza, majani yalijikunja nikakata tamaa, lakini mvua iliporudi miche ikainuka yote. Nikavuna Mei kwenye jua kali, punje nyeupe safi. Ugali wake hauna ule uchungu wa mtama mwekundu, wanangu wanakula bila kubembelezwa. Na majani hubaki mabichi mpaka unavuna, mbuzi wanafaidi. Mabua ni mafupi, hayafiki kichwani kwangu, kwa hiyo wa kujenga wigo asiyategemee.

Tatizo ni ndege. Kwa kuwa punje haina uchungu, wanaipenda kuliko sisi. Wiki tatu nzima tulikuwa tunaamia, alfajiri na jioni, zamu kwa zamu dunguni. Kama huna watu wa kuamia, au shamba lako liko peke yake porini, nakusihi usipande. Kubaliana na majirani mpande wakati mmoja, ndege wagawane.

Msimu wa tatu duka moja la pembejeo liliniuzia mfuko ulioota robo tu. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeshalipa vibarua. Siku hizi naangalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe iliyo kwenye lebo, kisha nahesabu punje 100, nazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya tano zikiwa zimeota chini ya 80, narudisha mfuko.

Macia si chotara, mbegu yake unaweza kuirudia. Mwaka huu nimechagua masuke 40 ya katikati ya shamba, mbali na mtama mrefu wa jirani yangu ili yasiwe yamechanganyika nao, nimeyatundika juu ya jiko yapate moshi. Yanangoja Januari.