Uzoefu wangu na chuma cha vitumbua kisichogandisha kwa vitafunwa vya watoto wa shule

Chuma ninachokizungumzia ni kile cha mashimo saba, chenye tabaka jeusi lisilogandisha, mpini mrefu na mfuniko wa kioo, ambacho siku hizi kinapatikana kwa wingi katika maduka ya vyombo ya Kariakoo. Changu nilikinunua huko kwa shilingi 28,000 baada ya kupatana na muuzaji, na kimeshapika vya kutosha kuniwezesha kusema kinafaa wapi na wapi hakifai. Nilikitafuta ili watoto wanaporudi kutoka shule saa tisa alasiri, wakiwa na njaa isiyoweza kusubiri chakula cha jioni, wakute kitu kilichopikwa nyumbani, badala ya fedha zao kuishia kwenye kripsi, ubuyu wa rangi na mihogo iliyokaangwa katika mafuta ambayo hakuna ajuaye yamerudiwa mara ngapi.

Muuzaji aliniambia, "Mama, hiki hata tone la mafuta hukihitaji." Hilo ni kweli kwa maana kwamba kitumbua hakitaganda, lakini hutoka kimepauka, kina ngozi kavu, na watoto wangu hukiacha sahanini kwa adabu zote. Ninachofanya ni kupaka kila shimo mafuta kwa brashi ndogo, na kwa mashimo yote saba sifikishi vijiko viwili vya chai. Chuma cha zamani, ambacho bado ninacho na bado ninakiheshimu, hutaka mafuta yajae chini ya shimo na kuongezwa tena wakati wa kugeuza, la sivyo utakuwa unabandua makombo. Ukizingatia kwamba kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, tofauti hiyo si ndogo kwa chakula kinacholiwa karibu kila siku ya shule.

Hata hivyo, chuma hiki hupunguza mafuta tu. Sukari imo kwenye rojo, na hapo ndipo kazi ilipobaki kwangu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Asali nayo huhesabiwa humo humo, jambo ambalo sisi wapenzi wa asali tunalipokea kwa shingo upande. Kwa vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku kucha na kusagwa kwa tui, nilikuwa nikitia kikombe kizima cha sukari. Sasa ninatia vijiko vikubwa vitatu na ndizi mbivu mbili zilizopondwa, zile ambazo maganda yameanza kuwa na madoa meusi, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka kuwa sukari. Katika soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, ndizi za namna hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa. Iliki huongezwa kwa ukarimu, maana harufu yake humfanya mlaji adhani utamu ni mwingi kuliko ulivyo.

Ndizi ina masharti yake. Rojo lake huumuka haraka kwa joto la Dar es Salaam, na likiachwa hadi mchana huchachuka. Vilevile kitumbua chake hubadilika rangi upesi, hivyo moto uwe mdogo tangu mwanzo. Niliwahi kubadilisha theluthi moja ya mchele kwa unga wa ulezi, ambao una kalsiamu nyingi zaidi kuliko mchele, vikatoka vya rangi ya kahawia. Mdogo aliuliza kama huo ni uji uliogandishwa, kisha akala vinne.

Kama ningekuwa natafuta sababu moja tu ya kumshauri mtu anunue chuma hiki, basi ingekuwa bagia za kunde, wala si vitumbua. Bagia za kawaida huogelea katika karai la mafuta. Mimi huloweka kunde, huzimenya maganda, huzisaga katika blenda kwa maji machache kadiri inavyowezekana, kisha huchanganya na kitunguu maji, kitunguu saumu, giligilani na karoti iliyokwaruzwa. Rojo huwa zito, kiasi kwamba kijiko kikilichota halidondoki mpaka ulisukume kwa kidole. Ninajaza mashimo, ninafunika kwa mfuniko kwa dakika nne au tano ili ndani paive kwa mvuke, kisha ninageuza kwa kijiti cha mshikaki. Upande wa chini huwa umeshika rangi ya dhahabu na kukakamaa, huku katikati pakibaki laini. Anayetaka bagia inayovunjika kwa mlio pande zote hataridhika, na sina namna ya kumdanganya. Ila mtoto aliyekula bagia tatu za kunde hashindi akifungua kabati kila baada ya nusu saa, kwa sababu kunde zina protini ambayo kitumbua cha mchele hakina kwa kiwango hicho.

Kasoro zake ni za kweli. Shimo la katikati huiva kabla ya yale ya pembeni, hasa kwenye jiko dogo la gesi linalokaa juu ya mtungi, kwa hiyo mimi hulijaza la mwisho. Kwenye jiko la mkaa sikishauri kabisa: moto wake ni mgumu kuutawala, na tabaka la aina hii halipaswi kupita nyuzi joto 260 wala kuachwa motoni likiwa tupu. Kijiko cha chuma na steelwire havikaribishwi. Sifongo laini na sabuni vinatosha. Mpini umefungwa kwa skrubu moja tu, ambayo hulegea na kunilazimu kuikaza mara kwa mara, na karatasi iliyokuja ndani ya boksi haikusema lolote kuhusu hilo wala kuhusu dhamana.

Kwa nyumba ya watoto wawili au watatu, mashimo saba yanatosha. Wakija na wenzao wa mtaani, foleni hufika mlangoni. Nimeona dukani kingine cha mashimo kumi na mawili, ila kitako chake ni kipana kuliko moto wa jiko langu, na hapo yale ya pembeni yatabaki mabichi kabisa.