Sindano ya neostigmini ya kupima miastenia: uzoefu wangu

Sindano yenyewe haiumi kushinda ile ya pepopunda. Shughuli iko tumboni, baadaye.

Kope yangu ya kushoto ilikuwa inalegea kila ikifika jioni, naona vitu viwili viwili, na ugali nachoka kuutafuna kabla sijashiba. Asubuhi mzima kabisa, ndiyo maana nyumbani walidhani najidekeza. Mahali fulani niliishia kuuziwa miwani. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyetaka nipimwe miastenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na msuli, basi amri ya ubongo inafika nusunusu.

Zamani walitumia edrofoniamu, jibu ndani ya dakika moja. Siku hizi ni adimu, hata Marekani iliachwa kuuzwa mwaka 2018. Mimi nilichomwa neostigmini, dawa inayoipa nguvu kwa muda ile amri inayofika kwenye msuli; kope iliyolegea ikiinuka, hiyo ni dalili ya miastenia.

Kwanza nesi alinitaka nitazame juu bila kupepesa hadi kope ikaanguka, akaipiga picha. Akanibana kifaa cha mapigo ya moyo kidoleni, akanichoma atropini, kisha ndipo neostigmini begani. Hiyo atropini ulizia, ndiyo kinga yako, maana neostigmini inaweza kushusha sana mapigo ya moyo. Mwenye pumu aseme mapema.

Mwanzoni kimya. Halafu mate yakanijaa, tumbo likasokota, vinyama chini ya jicho vikaanza kuchezacheza vyenyewe. Katikati ya purukushani hiyo nesi ananiambia, "Dada, tazama juu." Nikatazama, kope ikakaa juu bila kuanguka. Nikahesabu kwa sauti hadi hamsini na sauti haikuhamia puani kama ilivyozoea. Nililia pale pale, ingawa machozi mengine yalikuwa ya dawa! Jioni kope ikarudi kulala.

Kwa bei nasema inafaa: sindano ilikuwa nafuu, kilichonikamua ni kipimo cha kingamwili na CT ya kifua kuangalia thaimasi, tezi ya kifuani inayohusishwa na ugonjwa huu. Hivyo havikwepeki, kwa sababu sindano peke yake haifungi kesi; wapo wagonjwa inaowakosa.

Sasa nameza piridostigmini, vidonge vya jamii moja na neostigmini, na nina orodha ya dawa za kujihadhari nazo kwa kuwa zinaweza kuzidisha ulegevu: antibiotiki za jentamisini na siprofloksasini, na kwinini, ambayo ukilazwa na malaria unaweza kutundikiwa kabla hujaulizwa chochote.

Unayekwenda kupima, kula kidogo tu, na uliza choo kiko wapi kabla hujachomwa.