Sola juu ya bati au boti ya abiria?

Kwenye visiwa vidogo vya pwani ya Tanga, fedha ya kikundi ikipatikana swali ni hili: tufunge sola majumbani, au tununue boti ya abiria ya wote?

Sola haikawii kuonyesha faida. Paneli ya wati 100, ikipata saa nne za jua kali, hutoa kama wati-saa 400: taa tatu za wati 5 usiku kucha, redio na simu za nyumba nzima. Kibatari kinazimwa, mtoto anasoma bila moshi. Adui ni chumvi. Nimeshika betri ambayo vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Tuliusugua, tukapaka grisi, umeme ukarudi. Asiyejua huitupa.

Boti ni habari nyingine. Injini ya nguvu za farasi 15 ni kama kilowati 11. Ikikimbia saa moja kwa nguvu zote, paneli ile ingehitaji karibu mwezi mzima kukusanya nishati hiyo. Kwa hiyo ni petroli, na petroli ni ghali. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu usiku, upepo umekata, atafikaje hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kwa ngalawa?

Mimi ningeanza na boti: ratiba inayojulikana, nauli moja, jaketi okozi kwa kila abiria. Taa familia hununua kidogo kidogo. Boti hakuna kaya inayoimudu peke yake. Paneli ya kwanza ifungwe pale boti inapotia nanga, watu washuke wakiona wanapokanyaga.