Mifuko ya kuzuia kutu kwenye spea za breki, nimekaa nayo miezi 14 Tanga

Nianze na hasara maana ndiyo iliyonileta huku. Marehemu mzee alituachia Land Rover 109 Series III, ile ya breki za dramu miguu yote minne, na alikuwa na tabia ya kununua spea kila akizikuta kwa sababu spea za gari ile ukizihitaji huzioni, ukiwa huna shida nazo ndo zinajaa. Stoo tukakuta dramu mbili mpya, breki shuu seti moja na wili silinda nne (vile visilinda vinavyosukuma shuu zibane dramu) kwenye maboksi yake. Siku nafungua silinda, nje ziko safi kabisa ila ukitoa pistoni ndani kuna vishimo kama ndui. Silinda ya hivyo usidanganywe kwamba utaipiga msasa ipone, vile vishimo vinakula raba, mafuta ya breki yanavujia kwenye shuu na gari ukishika breki inavuta upande mmoja. Zote nne zikaenda kwa wa skrepa. Mpya, hazijawahi kufungwa hata siku moja!

Sisi tuko Raskazone, bahari iko hapo chini, upepo unakuja na chumvi yake hadi bawaba za milango zinalia. Dawa ya mzee ilikuwa ile tunayoijua wote, oili chafu halafu unazungushia gazeti. Kwenye dramu imesaidia kidogo, siwezi kusema uongo, lakini oili chafu imeshatoka kwenye injini na asidi zake, na gazeti linanyonya unyevu linaukumbatia na chuma, nilikuta kutu imekaa vilevile mikunjo ya gazeti ilivyokaa. Mimi nikajaribu spray ya kulegezea nati, masika moja tu ikaisha nguvu, ile ni ya kufukuza maji, haikutengenezwa ilinde chuma miaka.

Ndo shemeji yangu akaja na mifuko ya VCI, yaani yenye dawa ya mvuke ya kuzuia kutu, kutoka Dubai, pamoja na roli dogo la karatasi yake. Ukishawahi kununua bearing ukaikuta imefungwa kwenye karatasi fulani ya kahawia inayoteleza kidogo, mara nyingi ndo hiyo hiyo. Ina dawa inayotoka polepole kama mvuke, inajaa humo ndani ya mfuko na kutanda kwenye chuma utando ambao huuoni wala huushiki. Fundi wangu alicheka, "Bosi, mbona kavu, oili iko wapi?" Nikamwambia tusubiri.

Nilichoweka: dramu mbili za 109 (nilizisafisha kutu kwanza), silinda mpya nilizoagiza, na diski mbili za mbele za Rav4 ya mama watoto nilizozipata kwa bei nzuri nikaona niziweke. Vyote nikaviosha kwa spray ya kusafishia breki, nikakausha, karatasi ndani, mfuko, kisha kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko juu ya mbao. Usiweke kwenye sakafu ya saruji, ile inatoa unyevu toka chini hata kama unaiona kavu. Diski nililaza, sikuziegemeza ukutani.

Nimefungua baada ya miezi 14, masika mbili zimepita hapo. Dramu safi. Silinda nilitoa pistoni moja moja nikamulika na tochi ya simu, ndani kunang'aa, nikafurahi kama mtoto. Diski moja safi, na ya pili, sasa hapa ndo pananichekesha, ina kutu ya umbo la kidole gumba. Kidole changu mimi mwenyewe! Niliosha yote nikavaa glovu, halafu naingiza ile ya mwisho glovu imeshachanika nikasema aah, mara moja tu. Jasho ni chumvi, na mfuko hauwezi kukusafishia ulichokipaka wewe.

Sasa lawama. Zipu ya mifuko mikubwa ni mbovu, mmoja ulifunguka wenyewe kwa uzito wa dramu, bahati ndoo ilikuwa na mfuniko. Mfuko ukiwa wazi dawa inakimbia na umebaki na plastiki ya kawaida, kwa hiyo mimi sasa napiga selotepu juu ya zipu. Pia soma lebo, kuna ya chuma tu na kuna ya metali mchanganyiko, kama una kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) ya alumini au viungio vya shaba chukua hiyo ya pili. Na bei imechangamka, ukiweka na usafiri.

Breki pedi na shuu mimi siziweki humo wala sizipaki kitu chochote, naziacha kwenye boksi lake ndani ya ndoo yenye vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Pedi ikishaonja oili au grisi imekwisha, utakanyaga breki gari inateleza tu. Na jamani msipake grisi ya kawaida ndani ya silinda eti mnaikinga, raba zile zinavimba kwa mafuta ya madini, tumia grisi ya raba ya breki yenyewe. Nawaambia kwa sababu fundi mmoja alinifanyia hivyo na pedali ilikuwa hairudi, nilifika nyumbani breki zimejishika magurudumu yananuka.

Kwa hiyo silinda na dramu nanunua tena hii mifuko bila kufikiria mara mbili. Diski za gari linalopatikana kila duka sioni haja, nunua siku unazihitaji, hata ile kutu nyepesi ya juu inaondoka ukikanyaga breki mara chache. Ile yenye kidole changu nimeshaifunga upande wa abiria, mpaka nafika Mkwakwani alama yenyewe haipo.