Sinners: ukifunika muziki, umefunika hadithi

Sisi tuliojifunzia muvi kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, tuna ugonjwa mmoja. Hadithi tunaikumbuka, steringi tunamkumbuka, hata utani wa Lufufu, mtafsiri wa muvi, tunaweza kuurudia neno kwa neno, lakini muziki wa muvi yenyewe hatuujui. Mtafsiri alikuwa anaongea juu yake mwanzo mwisho, na sabufa ya mwenye kibanda ikamalizia kilichobaki. Sisemi kwa ubaya. Lufufu huku Bongo na DJ Afro kule Kenya walitupa raha ambayo hakuna jumba la sinema limewahi kunipa. Ila Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025, haiingiliki kwa mtindo ule. Ukiongea juu ya muziki wake umefuta nusu ya hadithi.

Nimeiona sinema hapa Dar, jumba la kawaida tu, si zile skrini kubwa za IMAX ambazo Coogler na mpiga picha wake Autumn Durald Arkapaw walizikusudia. Picha nadhani nimepunjwa kidogo. Sauti sikupunjwa.

Mambo yanatokea Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Mapacha Smoke na Stack, wote wawili Michael B. Jordan, wamerudi nyumbani kutoka Chicago na hela ambazo si vizuri kuuliza zimetoka wapi. Wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasua mbao, na usiku huohuo wanataka kiwe kilabu cha watu weusi wanaoshinda juani kwenye pamba. Mpiga gitaa wao ni binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, na baba mtu hataki kabisa kusikia habari za muziki wa bluzi. Halafu wanakuja wanyonya damu. Trela lilishasema, kwa hiyo sijakuharibia.

Sammie anachezwa na Miles Caton, na hii ndiyo muvi yake ya kwanza. Kijana mdogo, uso hata ndevu haujazijua vizuri, halafu anafungua mdomo inatoka sauti ya mzee aliyezika wengi. Mle ukumbini watu waligeuka kutazamana.

Kuna sehemu anaimba I Lied to You, wimbo ulioandikwa na Raphael Saadiq pamoja na Ludwig Göransson, na hapo ndipo nilipokubali kwamba hela yangu ya tiketi imerudi. Anaanza taratibu, gitaa na miguu ya watu kwenye sakafu ya mbao. Kidogo kidogo wanaingia watu ambao si wa mwaka 1932: mpiga gitaa la umeme, DJ na santuri zake, ngoma za Afrika Magharibi, mcheza kinyago wa Zaouli wa Ivory Coast, na wachezaji wa opera ya Kichina, maana ndani ya kilabu wamo mume na mke Wachina wenye maduka pale mjini. Kamera inazunguka katikati yao. Biti inabadilika kila hatua lakini wimbo wa Sammie haukatiki, bado unausikia chini ya vyote. Kwenye karatasi ni wazo la kuchekesha. Ukiwa umekaa pale huchekeshwi.

Na tukio hilo halikuwekwa kwa urembo. Remmick, mkubwa wa wanyonya damu, yuko nje anasikia. Yeye ni Muirishi, ardhi ya kwao ilichukuliwa zamani, watu wake wamekufa, na anaamini muziki wa huyu kijana unaweza kumfikisha kwao. Damu anaitaka, sawa, ila kilichomleta mlangoni ni gitaa. Mbaya zaidi na yeye anajua kuimba! Pale anapoongoza wimbo wa Kiirishi, The Rocky Road to Dublin, kundi lake linacheza duara gizani, kuna mtu nyuma yangu alikuwa anapiga makofi. Adui wa namna hiyo ananitisha kuliko wa kunguruma.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni fupi na watu hawaizungumzii sana. Delta Slim, mzee mlevi wa kinanda anayechezwa na Delroy Lindo, yuko kwenye gari anasimulia jinsi rafiki yake mwanamuziki alivyouawa na wazungu. Coogler haonyeshi mauaji. Anatusikilizisha tu zile kelele huku gari likiendelea na safari. Mzee maneno yanamwishia, anaanza kuguna, mguno unakuwa wimbo.

Göransson, mtunzi wa muziki wa muvi hii, ndiye aliyepata Oscar kwa muziki wa Black Panther na tena kwa Oppenheimer. Safari hii uti wa mgongo ni gitaa la Dobro la mwaka 1932, aina yenye sahani ya chuma tumboni. Yalitengenezwa hivyo ili yasikike kwenye kumbi zenye kelele bila umeme, na kweli lina ukali fulani wa bati ambao gitaa la mbao tupu halina. Nalipenda mpaka theluthi ya mwisho. Pale mapigano yanapoanza anarundika magitaa ya umeme na ngoma nzito, na kwa mara ya kwanza muziki unafanya kazi ya kawaida ya kukwambia uogope. Mapigano yenyewe nayo yameharakishwa: watu tuliokaa nao saa nzima wanaondoka hata hatujawaaga.

Albamu ziko mbili, ya nyimbo na ya muziki wa nyuma, yaani ule unaopigwa nyuma ya matukio, msizichanganye mkamaliza bando. Ya nyimbo ndiyo ya kupakua kwanza. Pale Pale Moon wa Brittany Howard na Jayme Lawson nausikiliza hata nikiwa napika, jambo ambalo siwezi kusema kwa albamu ya Dune: Part Two ya Hans Zimmer, ambayo sinema ilinitetemesha kiti ila nyumbani sijawahi kuigusa. Ya muziki wa nyuma isubiri mpaka uwe umeiona muvi, vinginevyo ni gitaa tu linalozunguka.

Majina yakianza kupanda usinyanyuke. Buddy Guy mwenyewe, gwiji wa bluzi, anatokea, na baada ya majina yote kuna Sammie tena. Wenzangu karibu wote walikuwa wameshafika kwenye maegesho.